Kisukari si Sukari Tupu

Ugonjwa ukishapewa jina, watu huukabili kwa mujibu wa jina hilo. Mgonjwa akiambiwa ana kisukari, la kwanza analolifanya ni kuiondoa sukari katika chai, na la pili, aghalabu, ni kuamini kwamba amemaliza kazi. Miguu ikianza kufa ganzi, au nyayo zikimwaka moto usiku, haoni uhusiano wowote na jina lile. Siku moja hukanyaga msumari asihisi. Kidonda huoza, na mguu hukatwa.

Utafiti unaonyesha jinsi jina hilo lilivyo finyu. Mwaka 2010 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Zurich, walieleza chanzo cha maradhi adimu ya kurithi yanayoua hisia miguuni na mikononi. Mwilini mna kimeng'enya kinachoanzisha uundaji wa mafuta fulani ya utando wa seli kwa kutumia asidi amino iitwayo serini. Kwa wagonjwa hao, mara nyingi kimeng'enya hicho hutwaa alanini badala ya serini, na kinachozaliwa ni deoksisfingolipidi: mafuta yenye kasoro, ambayo mwili hauwezi kuyavunja kwa njia yake ya kawaida, na ambayo ni sumu kwa neva. Mafuta yayo hayo yamekutwa kwa wingi katika damu ya wenye kisukari cha aina ya pili, watu ambao hawakurithi kasoro hiyo. Mwaka 2023, watafiti wa Taasisi ya Salk, California, walichapisha katika jarida la Nature kwamba panya wenye kisukari walipungukiwa na serini, na walipoongezewa, madhara ya neva yalipungua.

Panya, si binadamu. Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapohitajika. Kati ya "huhusishwa na" na "husababisha" pana bonde pana, ila wafasiri wa habari hulivuka kwa hatua moja. Msomaji naye aweza kukimbilia serini na kuacha dawa. Kosa hilo ni la kitenzi kabla ya kuwa la sayansi.

Kuhusu istilahi, deoksisfingolipidi na ibaki hivyo hivyo; wanakemia wataimudu. Madhara ya neva ndiyo yanayohitaji jina la nyumbani, na wagonjwa wamekwisha kulitaja: ganzi ya kisukari. Wapo watakaodai kwamba ganzi humpata hata aliyeukalia mguu wake, na kwamba neno hilo haligusi maumivu ya kuwaka. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, neno pungufu linalomfanya mtu akague nyayo zake kila jioni lina manufaa kuliko istilahi kamili isiyotoka kamusini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia kliniki ya kisukari, daftari mkononi, akiandika jinsi wagonjwa wanavyoyaeleza wanayoyahisi miguuni, na wasiyoyahisi.