Bei Pauni 4, Posta Pauni 16

Wadau, leo nataka tuzungumzie posta. Ndiyo, posta. Najua wengine humu hamjawahi kubandika stempu maishani mwenu, lakini nivumilieni kidogo maana jambo hili linagusa mifuko yetu.

Mwaka 2023 nilikuwa natafuta kinasa sauti. Simu inarekodi, nakubali, lakini mwandishi yeyote aliyewahi kupigiwa na mwenye nyumba katikati ya mahojiano anajua kwa nini nilikitaka. Vipya bei yake haielewani na mshahara wangu. Basi nikaingia kwenye mnada mmoja wa mtandaoni wa Uingereza, nikapanga bidhaa kuanzia bei ya chini kabisa, nikakiona. Bei ya kuanzia pauni 0.99! Nikapambana na watu wawili mpaka usiku wa manane, nikashinda kwa pauni 4.20. Nililala nikijiona mjanja wa mji.

Posta ilikuwa pauni 16.50. Si ya kuleta Dar, la hasha. Ilikuwa ya kutoka mji mmoja wa Uingereza kwenda mwingine, kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye angekuja nacho Desemba. Niliiona ile pauni 16.50. Ila macho yangu yalikuwa kwenye pauni 4.

Mzigo ulipofika dada akanipigia. "Mdogo wangu, huyu mtu kakitia kwenye bahasha tu. Nimeangalia hapa juu, amelipa pauni 3 na ushei. Halafu kitufe cha kurekodi kimezama, hakirudi."

Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwa adabu zote. Kwanza, gharama ya posta iliandikwa wazi na niliikubali mwenyewe. Pili, anasikitika kuhusu kitufe, kwa hiyo nikirudishe naye atanirudishia bei yangu yote.

Bei yangu yote! Pauni 4.20, kati ya pauni 20.70 nilizolipa.

Hapo ndipo nilipoamka. Nilikuwa nadhani posta iliyovimba ni tamaa ya kawaida, mtu anajiongezea pauni mbili tatu za soda. Kumbe ni zaidi ya hapo. Fedha iliyoitwa "bei" ina masharti: kitu kikiwa kibovu inarudi. Fedha iliyoitwa "posta" muuzaji anaiona imeshaondoka na gari la posta, hata kama sehemu kubwa imebaki mfukoni mwake. Kwa hiyo kadiri anavyohamisha fedha kutoka bei kwenda posta, ndivyo anavyojikinga siku ya malalamiko.

Ujanja huu hakuuanzisha yeye. Tuchukue eBay, mnada mkubwa ulioanzishwa Marekani mwaka 1995. Kwa miaka mingi kamisheni yake ilikatwa kwenye bei ya mauzo peke yake, posta haikuguswa. Piga hesabu mwenyewe. Kitu cha dola 30 ukikiuza kwa dola 30 unakatwa kamisheni ya dola 30. Ukikiuza kwa senti 1 na posta dola 29.99, unakatwa kamisheni ya senti 1. Nani asingeshawishika? Kanuni za kukataza posta ya kupindukia zilikuwepo. Mwaka 2007 wakaongeza nyota, mnunuzi akawa anaweza kumpa muuzaji alama kwa ajili ya gharama ya posta peke yake. Watu wakaendelea. Mwaka 2011, kule Marekani, eBay ikaanza kukata kamisheni kwenye jumla, pamoja na posta. Hapo ndipo ule mwanya wa kamisheni ulipozibwa. Miaka ya kuhubiri uaminifu, kisha mabadiliko ya hesabu yakafanya kazi ambayo mahubiri yalishindwa.

Lakini ngojeni, msianze kushangilia. Dawa hiyo ilimgusa na muuzaji mwaminifu. Akilipa dola 5 posta na kukudai dola 5 zile zile, mnada unamega kipande chake humo humo, naye anabaki na hasara. Akiongeza senti kadhaa ili asiumie, mnunuzi anaangalia stempu na kumwita mwizi. Na hapa lazima niseme neno la kuwatetea wauzaji, maana sisi wanunuzi tuna tabia ya kudhani kwamba posta ni stempu tu.

Boksi linanunuliwa. Selotepu inanunuliwa. Bahasha yenye viputo vya hewa nayo si ya bure. Kuna nauli ya kwenda posta, kuna foleni. Na bei za posta zenyewe zina mitego. Uingereza, tangu Agosti 2006, Royal Mail haipimi uzito peke yake, inapima na ukubwa. Bahasha yenye unene wa milimita 25 inaweza kupita kama barua kubwa, ikizidi hapo kidogo inageuka kifurushi na bei inapanda. Muuzaji anayekadiria kwa macho anaweza kulia. Marekani nako, Mei 2007 shirika la posta lilifuta huduma ya kutuma vifurushi nje ya nchi kwa njia ya meli, ile ya polepole na rahisi. Aliyezoea kutuma vitabu ng'ambo kwa bei ya kutupa akajikuta hana njia ila ndege. Mnunuzi wa nje akiona bei mpya anadhani kapigwa, kumbe muuzaji naye kapigwa.

Kwa hiyo simlaumu muuzaji anayedai pauni 5 kwa stempu ya pauni 3. Namlaumu anayedai 16. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ambayo mtu mzima anaijua bila kufundishwa.

Sasa tuje kwetu, wanunuzi, maana na sisi si malaika. Mwaka 2006 wachumi wawili, Tanjim Hossain na John Morgan, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya eBay. Waliuza CD na michezo ya Xbox kwa mitindo tofauti. CD moja ilianza dola 4 na posta bure. Nyingine, ya aina ile ile, ilianza senti 1 na posta dola 3.99. Jumla ni ile ile. Zilizoanza kwa senti 1 zilivutia watu wengi zaidi na kwa ujumla zikaingiza fedha nyingi zaidi. Kwenye CD ujanja uliacha kusaidia posta ilipokuwa kubwa kupita kiasi, lakini kabla ya hapo watu walikuwa wanaitazama bei na kuisahau posta. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mimi mwenyewe, usiku wa manane, nikipigania pauni 4.

Na niwaambieni kitu cha aibu. Usiku ule ule, chini kidogo kwenye ukurasa, kulikuwa na kinasa sauti cha aina hiyo hiyo. Pauni 17, posta bure. Nilikipita nikisema huyu anauza ghali. Nikaenda kulipa 20.70 kwa kibovu.

Kwa hiyo, je, niliibiwa? Marafiki zangu wengine wanasema hapana: iliandikwa, ukaiona, ukabonyeza. Mkataba ni mkataba. Mimi nasema kuandika wazi hakutoshi. Neno "posta" lina maana, ni fedha ya kufikisha mzigo. Ukinidai pauni 16.50 kwa jina hilo na ukatumia 3, kiasi umekiweka wazi lakini jina lake umenidanganya. Kama ulitaka pauni 17 kwa kinasa sauti chako, sema pauni 17. Yule mwenzako wa chini alisema, na mimi sikumsikiliza. Lawama hiyo ya kutosikiliza naibeba. Ya jina la uongo siibebi.

Sheria nazo zimeanza kuliona hili. Uingereza, tangu Juni 2014, ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara na ukaghairi ndani ya siku 14, kwa kawaida anakurudishia bei pamoja na gharama ya kawaida ya usafirishaji. Lakini muuzaji wa kwangu alikuwa mtu binafsi, sheria hiyo haimgusi. Kilichoniokoa ni kanuni za mnada wenyewe, ambazo nilipaswa kuzisoma kabla: kitu kikiwa tofauti na kilivyoelezwa, muuzaji anarudisha vyote, bei na posta. Dada akafungua malalamiko, akapiga picha kitufe, akaambatanisha na picha ya bahasha. Baada ya wiki mbili hivi pauni 20.70 zikarudi. Mahojiano niliyokuwa nakitakia kile kinasa sauti yalikuwa yameshapita. Nilirekodi kwa simu, na ndiyo, mwenye nyumba alipiga.

Msidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Fungueni kurasa za wauzaji wetu wa Instagram. Gauni shilingi 25,000, usafiri juu yako. Usafiri kiasi gani? "Njoo inbox." Unalipia gauni kwanza, halafu ndipo unaambiwa bodaboda kutoka Kariakoo mpaka Tegeta ni kiasi fulani, na mzigo wa basi kwenda Mwanza ni kiasi fulani na "ya kufungia". Gauni likikubana, unaambiwa rudisha, ila ya usafiri haihusiki. Ni kinasa sauti changu kile kile, kimevaa gauni.

Ninachoomba ni kidogo. Muuzaji, taja jumla mpaka mlangoni kabla hujapokea senti ya mtu, na kama posta ina faida yako ndani, ihamishie kwenye bei ambako faida inakaa. Mnunuzi, usipange kwa bei, panga kwa jumla, na uliza habari ya posta kabla ya kubonyeza badala ya kugombana baadaye. Kisha uliza swali moja la ziada: kikiwa kibovu, unarudisha nini? Jibu la swali hilo litakwambia muuzaji ni mtu wa namna gani kuliko nyota zake zote.

Kinasa sauti nilinunua kingine, kwa njia. Pauni 19, posta bure. Kinafanya kazi.