Tiba ya mzizi wa jino: vidonge peke yake havitoshi

Mgonjwa wa Bukavu aliyekeshwa na jino mara nyingi huanza kwa kununua amoksisilini dukani, naye hupata nafuu ya siku chache, ilhali chanzo kimebaki palepale, kwa sababu kiini cha jino, yaani tishu laini yenye neva na mishipa ya damu, kikishakufa hakipitiwi tena na damu, na dawa inayobebwa na damu haikifikii. Ndiyo maana tiba yenyewe ni kazi ya mikono: jino hutiwa ganzi, hutobolewa kwa juu, mifereji iliyo ndani ya mizizi husuguliwa kwa vijiti vyembamba vya chuma na kuoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huzibwa kwa gutapacha, ambayo asili yake ni utomvu wa mti. Gego la kwanza la juu aghalabu lina mifereji minne, na mmoja ukisahaulika maambukizi hurejea. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuuliza kama picha ya eksirei itapigwa kabla na baada ya kazi, na, katika mji ambao umeme wa mto Ruzizi hukatika, kama kliniki ina jenereta. Gego lililotibiwa hupasuka kwa urahisi, hivyo bei ya taji la kulifunika ijulikane mapema. Kung'oa si kosa mzizi ukiwa umepasuka. Linalosikitisha ni kijana kupoteza gego ambalo lingeokolewa, kwa kuwa hakuelezwa kuwa tiba hii ipo. Uvimbe unaoshuka shingoni au kuzuia kumeza haungoji miadi: mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.