Dawa ya kunenepesha kuku na gharama inayolipwa ICU

MADAKTARI wa vyumba vya wagonjwa mahututi, ICU, wana dawa chache wanazoziweka akiba. Moja ni kolistini, antibaiotiki ya zamani iliyowekwa kando kwa miaka mingi kwa sababu inaweza kudhuru figo.

Imerudi kwa sababu baadhi ya bakteria wanaomshambulia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia wamekuwa sugu kwa dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka katika kundi la akiba, yaani itumike pale tu nyingine zinaposhindwa.

Lakini wakati hospitali zikiichunga, nchini China dawa hiyo ilichanganywa kwa maelfu ya tani katika chakula cha nguruwe na kuku. Lengo halikuwa kutibu, bali wanyama wakue haraka.

Novemba 2015, watafiti walitangaza kugundua huko kinasaba kiitwacho mcr-1, ambacho huwapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kilikutwa katika asilimia 21 ya sampuli za wanyama, asilimia 15 ya sampuli za nyama mbichi na asilimia moja ya sampuli za wagonjwa waliolazwa.

Kiuchumi, tatizo liko wazi. Faida ilikwenda kwa mfugaji na muuza chakula cha mifugo. Gharama iliangukia kwa mgonjwa asiyewafahamu, na haikuonekana katika bei ya kilo ya nyama. Soko haliwezi kurekebisha gharama lisiyoiona. Ni kazi ya Serikali.

China ilifanya hivyo. Mwaka 2017 ilipiga marufuku kolistini kama kikuzaji cha mifugo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa bakteria aina ya E. coli sugu kwa dawa hiyo walishuka kwa nguruwe kutoka asilimia 34 hadi tano, na kwa kuku kutoka asilimia 18 hadi tano. Watu waliobeba bakteria wenye mcr-1 walipungua kutoka asilimia 14 mwaka 2016 hadi sita mwaka 2019.

Hata hivyo, lawama zote zisitupwe bandani. ICU nazo hutumia antibaiotiki kwa wingi, na uangalifu unahitajika humo humo.

Uangalifu si kumcheleweshea mgonjwa dawa. Aliyepata mshtuko kutokana na maambukizi anapaswa kuanza dawa ndani ya saa moja. Kinachotakiwa ni kuchukua sampuli ya damu ya kuotesha vimelea kabla ya dozi ya kwanza, kisha baada ya siku mbili au tatu kuhamia dawa inayolenga kimelea kilichoonekana, au kusitisha kama hakuna maambukizi.

Bila maabara, hilo haliwezekani. Daktari asiye na majibu huendelea na dawa kali kwa kuhofia maisha ya mgonjwa.

Mfugaji wetu naye yuko katika hofu kama hiyo. Mwenye kuku 500 wa nyama na deni la chakula, akiona wanazubaa, hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibaiotiki. Kwake ni bima ya bei nafuu kuliko kumwita mtaalamu.

Lakini kama ugonjwa ni mdondo, amepoteza fedha, kwani mdondo husababishwa na virusi na hauna tiba ya antibaiotiki. Kinga yake ni chanjo, na chanjo inayostahimili joto inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA.

Novemba 2022, mkutano wa mawaziri uliofanyika Muscat, Oman, ulitoka na lengo la kupunguza dawa hizi katika kilimo na ufugaji kwa asilimia 30 hadi 50 ifikapo mwaka 2030. Marufuku peke yake hayatatufikisha huko.

Bajeti inapopangwa, chanjo vijijini, ofisa ugani anayefikika na maabara ya hospitali ya mkoa vihesabiwe pamoja. Shilingi inayookolewa kwa kuviacha hulipwa baadaye ICU, kwa dawa ambayo huenda isifanye kazi tena.