Kalamu Isiyo na Jina



Kuna desturi inayoota mizizi katika mitaa yetu ya Nundu, nasi tumeinyamazia kupita kiasi. Mtu akiona jirani yake amevuka mpaka wa kiwanja, au amechimba choo mahali pasipofaa, haendi kumwambia. Anatafuta karatasi, anaandika mashitaka bila kutia jina, na usiku anaipenyeza chini ya mlango wa shefu. Asubuhi jirani anaitwa na kutozwa faini, naye mwandishi anapita njiani akimsalimia kwa tabasamu. Tunasema wazi: desturi hii ni dhambi dhidi ya ujirani, na haimpasi Mkristo kuishiriki.

Hatusemi kwamba masharti ya viwanja hayana maana. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, ya tarehe 20 Julai 1973, inatamka kwamba ardhi ni mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huja pamoja na wajibu. Hata pale ambapo hakuna hati ya Serikali, bali karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na shefu mbele ya mashahidi, kila mtu anajua yanayompasa: kuacha njia ya kupita watu, kutojenga ukuta juu ya mfereji wa maji ya mvua, kufunga mbuzi wake, kutoweka choo karibu na kisima. Sisi ni watu wa kando ya ziwa, na kipindupindu hakijatuacha. Wataalamu wa maji hushauri choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Anayepuuza shauri hilo hamkosei shefu. Anamkosea mtoto wa jirani atakayekunywa maji yale. Nacho kitabu cha Kumbukumbu la Torati (19:14) kinakataza kusogeza alama ya mpaka wa jirani. Kwa hiyo masharti yatekelezwe. Swali letu ni hili: yatekelezwe kwa njia gani?

Ardhi ya Fizi ina majeraha. Vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998 viliwavusha wengi wetu ziwa hadi Tanzania. Boti zilipoanza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka, mnamo Oktoba 2005, wako waliokuta mtu mwingine akiishi katika nyumba yao au akilima shamba lao. Mipaka iliyohifadhiwa katika kumbukumbu za wazee ilikuwa imezikwa pamoja nao. Hivyo kigingi kinachogombaniwa leo kina historia ndefu nyuma yake, na historia hiyo haiwezi kuelezwa na karatasi isiyo na mwenyewe. Inahitaji watu wawili waketi, wazee wawe kati yao, na miguu ikanyage mahali penyewe.

Tunamfahamu mama mmoja mjane aliyeshitakiwa kwa karatasi ya namna hiyo. Kibanda chake cha kuuzia unga kilikuwa kimeingia njiani kwa hatua moja. Kosa lilikuwa la kweli, na lingemalizwa kwa neno moja la jirani na kazi ya nusu siku. Badala yake aliitwa, akalipa, akabomoa. Lakini faini haikuwa hasara yake kubwa. Tangu siku ile alianza kujiuliza ni nani kati ya wale wanaosali naye katika shirika aliyeandika. Kwa kuwa hakumjua mmoja, aliwashuku wote, hatimaye akaacha kuja. Njia ilipata hatua moja, shirika likampoteza mama. Ndugu, hiyo ni hesabu gani?

Wahenga walisema mwenye kelele hana neno. Jirani anayekuja mlangoni kwako na kulalamika kwa sauti, hata akikuudhi, amekuheshimu: amekupa nafasi ya kujibu, kuomba radhi, au kumwonyesha kwamba amekosea. Karatasi ya usiku haikupi hata moja kati ya hayo. Haiulizwi swali, haioni haya, wala haiwajibiki ikiwa imesema uongo.

Maandiko yanatufundisha jambo hili kwa hadithi ya kiwanja. Katika Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Nabothi anakataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake. Malkia Yezebeli hamkabili. Anaandika barua, anatumia jina na muhuri wa mtu mwingine, anaagiza mashahidi wa uongo, na Nabothi anapigwa mawe. Tuangalie vizuri: mji mzima ulitii barua ambayo mwandishi wake halisi alijificha. Wazee wale hawakuuliza. Nasi tunao wazee wasiouliza.

Hata wapagani waliuona ubaya huu. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, liwali wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu Wakristo walioshitakiwa kwa orodha zisizo na jina la mwandishi. Trajano, ambaye hakuwa rafiki wa imani yetu, alijibu kwamba karatasi za namna hiyo zisipokelewe katika shitaka lolote. Je, yaliyomwonea aibu Kaisari yawe halali kwetu tuliobatizwa?

Tunajua jibu la wengi: «Nikitaja jina langu, nitaumizwa.» Hatulidharau. Katika nchi ambamo bunduki zimekaa miaka mingi, hofu si uvivu. Kanisa lenyewe, katika mwongozo uliotolewa Vatikano mwaka 2020 juu ya makleri wanaowadhulumu watoto, lilisema kwamba taarifa isihesabiwe kuwa ya uongo kwa sababu tu haina jina, ingawa ipokelewe kwa uangalifu mkubwa. Mnyonge anayelia dhidi ya mwenye nguvu asizibwe mdomo. Lakini jirani mwenye mbuzi wasiofungwa si mwenye nguvu wa kutisha. Tusiazime hofu ya walioteswa ili kufunika woga wetu wa kusema ukweli uso kwa uso. Tena, kuhifadhiwa jina si sawa na kukosa jina. Mwenye hofu ya kweli amwendee mtu anayeaminika, padri wake au mjumbe wa tume ya Haki na Amani, amwambie yeye ni nani na ameona nini, naye ailinde siri hiyo. Hapo shitaka lina mwenyewe anayeweza kuulizwa.

Kwa viongozi wa mitaa tunasema hivi: msimwite mtu kwa sababu ya karatasi kabla ya kwenda kutazama. Karatasi ikisema choo kiko karibu na kisima, chukueni kamba mkapime; kamba haihitaji shahidi. Lakini karatasi ikisema fulani ni mchawi, au fulani ana moyo mbaya, au fulani si mtu wa hapa, hakuna kamba ya kupimia hayo. Ichomeni. Na faini itozwe mbele ya watu, kwa risiti, kwa kosa lililoonekana.

Kwa waamini wote, Bwana wetu ameshapanga njia katika Matayo 18:15-17. Kwanza nenda wewe peke yako. Asiposikia, nenda na mmoja au wawili. Asiposikia tena, lipeleke mbele ya jumuiya. Ndipo, kwa kiwanja, utamfikia shefu na ofisi ya ardhi, ukiwa na jina lako na mashahidi wako. Njia hii ni ndefu kuliko ya kupenyeza karatasi mlangoni, lakini mwishoni mwake unaweza bado kuwa na jirani.

Na kwenu ninyi vijana tuna neno la mwisho, kwa kuwa karatasi hizi mara nyingi zinapita mikononi mwenu. Mzee asiyejua Kifaransa anamwita kijana aliyesoma, anamnong'oneza maneno, anampa faranga kidogo au soda, na kijana anaandika. Anajiambia kwamba yeye ni kalamu tu. La! Walioandika kwa ajili ya Yezebeli nao wangeweza kusema hivyo. Utakapoitwa tena, mwulize mzee kwa heshima: «Baba, je, umekwisha kumwambia mwenyewe?» Kama bado, jitolee kumsindikiza. Kama anataka kushitaki, mwandikie vizuri, kwa maneno ya kweli, na chini kabisa umwachie nafasi ya kutia sahihi yake. Akikataa kutia sahihi, mrudishie karatasi yake ikiwa nyeupe.