Unakwenda Jinja? Jiandae kuanguka

Wiki hii nawageukia nyie mliokwisha changa pesa za kwenda Jinja kupanda boti la mpira kwenye Mto Nile. Nasikia maandalizi yamepamba moto: kina dada wanasuka, washikaji wanasaka miwani ya giza ya kupigia picha. Sawa, lakini mnajua kwamba boti lile hupinduka?

Tena hupinduka hata likibeba waogeleaji hodari. Mabwawa ya umeme ya Bujagali (2012) na Isimba (2019) yameshameza baadhi ya maporomoko ya zamani, ila yaliyobaki bado si ya mchezo.

Basi jinzi iache gesti, ikilowa ni mzigo. Kandambili nazo zitakwenda na maji; vaa viatu vya kufunga. Jaketi la kuokolea likaze, mwenzio akilivuta mabegani lisikupande puani. Na kama hujui kuogelea, mwambie kiongozi wa boti mapema, hata kama yule unayemzimikia yuko pembeni anasikiliza. Aibu hiyo utaimaliza siku hiyohiyo.

Ukitumbukia, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakoelekea. Wala usijaribu kusimama! Mguu ukinasa kwenye mawe, mkondo unakusukuma kifudifudi, na hapo hata maji ya kiunoni yanatosha kukumaliza.

Eh, nusura nisahau kichocho. Kipo. Wiki 6 hadi 12 baada ya kurudi, nenda kapime.