Zawadi ya Kujitengenezea Si ya Bure, Angalia Simu Yako

Desemba ikikaribia, au harusi ya binamu ikitangazwa kwenye grupu la familia, kuna wazo ambalo huwajia wengi wetu haraka: mwaka huu sinunui zawadi, nitatengeneza mwenyewe. Skrabu ya sukari. Mafuta mazito ya shea. Sabuni ya kipande yenye harufu ya mchaichai. Unaweka kwenye kopo dogo, unafunga utepe, mambo yameisha. Wazo lenyewe ni zuri na tunaliunga mkono. Tusichokiunga mkono ni ile sentensi inayolifuata nyuma: "Halafu ni bure, vitu vyote viko jikoni."

Si bure. Hizo pesa zimetoka, ila zimetoka kidogo kidogo kiasi kwamba hukuzisikia. Mia saba za mafuta ya nazi leo, mia nne na hamsini za makopo kesho, nauli ya kwenda mjini, halafu rafiki akakwambia skrabu bila manukato ya lavenda haina maana, ukarudi dukani. Kila mara ilikuwa malipo madogo ya simu: sekunde chache, PIN, imeenda. Kichwa chako kimesahau nusu yake. Taarifa yako ya miamala haijasahau hata moja.

Kazi yetu ni pesa za simu, kwa hivyo mngetarajia tuwaambie mmtumie tu shosho pesa na mambo yaishe. Pesa zina nafasi yake, hatukatai. Lakini shosho akipokea elfu moja atanunua tokeni za stima. Akipokea kopo la mafuta uliyoyakoroga mwenyewe, atawaonyesha majirani wiki nzima. (Kisha atauliza ile elfu moja iko wapi. Shosho ni shosho.) Sisi tunachotaka ni ujue hilo kopo limekugharimu ngapi, kwa sababu siku moja mtu ataliona, atalipenda, na atakuuliza bei.

Hesabu ambayo wengi hawaipigi

Tuchukue skrabu ya sukari, maana ndiyo rahisi kuliko zote. Ni sukari na mafuta ya nazi, ukipenda matone kadhaa ya manukato, basi. Kilo moja na nusu ya sukari na karibu mililita 600 za mafuta zitakupa takriban kilo mbili, yaani makopo kumi ya gramu 200. Bei hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, kwa hivyo hizi zichukue kama mfano tu, kisha uweke zako. Mafuta shilingi 700. Sukari 240. Makopo kumi kwa 45 ni 450. Manukato 350. Utepe na karatasi za lebo 160. Nauli ya kwenda na kurudi 200. Jumla ni 2,100, sawa na 210 kwa kila kopo, na hapo bado hatujahesabu gesi ya kuyeyushia mafuta wala ile Jumamosi yako yote.

Sasa muulize anayetengeneza kopo moja limemgharimu ngapi. Mara nyingi atahesabu sukari na mafuta peke yake, 940 gawanya kwa kumi, akujibu, "Kama mia hivi." Ikiwa ni zawadi, umepeana kitu cha 210 ukidhani ni cha mia, na hiyo si neno. Shida inakuja jirani akisema, "Nitengenezee kumi, nakupa 150 kila moja." Utafurahi. Utaona faida ya zaidi ya 50 kwa kila kopo. Kumbe ukweli ni kwamba unamlipa yeye shilingi 60 kwa kila kopo ili akubebee skrabu yako. Makopo kumi, hasara 600. Na kwa vile skrabu ni nzuri na bei ni tamu, ataleta marafiki watano, na hasara itakua pamoja na sifa zako.

Ndiyo maana tunasema, kabla ya kutaja bei yoyote, fungua taarifa ya miamala. Rudi nyuma hadi siku uliyonunua kitu cha kwanza. Andika kila malipo yaliyohusu hiyo kazi, ya bodaboda yakiwemo, na ada za kutuma pesa pia. Ada ni ndogo, ndiyo, lakini ukimtumia muuza makopo pesa mara nne kwa sababu hukupanga, umelipa ada mara nne. Nunua kwa mkupuo mmoja. Hizo ada tunazipata sisi, na bado tunakwambia.

Kazi yenye wenyewe

Kuna wanaoona mambo haya ya skrabu na mafuta ni fasheni ya mtandaoni, kitu cha wasichana kupitisha wakati. Waende Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa waulize kuhusu singo. Bi harusi wa Kiswahili husingwa kabla ya harusi yake kwa mchanganyiko wa vitu kama liwa, karafuu, mawaridi na marashi, na kila nyumba ina mkono wake. Mama anayejua kuuandaa vizuri hutafutwa, na akija hapewi asante peke yake. Hakuna anayemwambia, "Lakini mama, hizo karafuu si ziko jikoni?" Analipwa kwa anachokijua. Heshima hiyohiyo tunaidai kwa dada wa Umoja au Kakamega anayekoroga mafuta ya shea usiku baada ya kazi.

Kwa hivyo tuna ugomvi mdogo na hii "bei ya rafiki". Kwa maoni yetu rafiki ndiye anafaa kuwa wa kwanza kulipa bei kamili, kwa sababu mgeni ana haki ya kushuku ubora na rafiki hana. Rafiki ameshapaka bure mara tatu. Anajua inafanya kazi.

Mahali pa kutobana pesa

Sabuni ya kipande ni habari nyingine kabisa. Hiyo hupatikana mafuta yanapokutana na sodiamu haidroksaidi, ambayo kwenye maduka ya kemikali huitwa kostiki soda, na kila mafuta yana kipimo chake. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki. Kilo moja ya mafuta ya zeituni, takriban gramu 135. Watengenezaji wazoefu hutia kostiki pungufu kidogo ya kipimo, kama asilimia 5, ili ibaki na mafuta ya kulainisha ngozi. Ukikadiria kwa kijiko ukazidisha, umempa mtu unayempenda kitu cha kumchoma. Kwa hivyo mizani ya kidijitali si anasa. Kama bajeti yako haifikii mizani, usitengeneze sabuni mwaka huu, tengeneza skrabu.

Kuna mengine mawili hapo yasiyo na mjadala. Kostiki ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Usitie maji juu ya kostiki hata siku moja, maana huchemka ghafla na kuruka. Pili, usitumie sufuria ya aluminiamu, yaani ile sufuria iliyo katika karibu kila jikoni la Kenya. Kostiki huila aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au ndoo ya plastiki ngumu. Vaa glavu na miwani, fungua dirisha, watoto wakae mbali. Mnaweza kuuliza blogu ya malipo inatafuta nini hapa. Bili ya kutibu jicho pia hulipwa kwa simu, na ni kubwa kuliko bei ya miwani.

Maji nayo yanahitaji akili. Skrabu ya sukari na mafuta peke yake inaweza kukaa miezi bila neno, mradi watu wasichote kwa mikono iliyolowa. Ukishatia maziwa, maji ya mawaridi au mshubiri mbichi, umewafungulia mlango ukungu na bakteria. Hiyo ni ya friji, itumike ndani ya siku chache, au itiwe kihifadhi kinachofaa kwa kipimo chake. Ndimu usiitie kabisa kwenye kitu cha kupaka, kwani ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua huweza kuungua na kubaki na madoa. Lebo iandikwe viungo vyote na tarehe, hata kama zawadi ni ya dada yako. Mtu mwenye mzio wa njugu hawezi kujua ulichotia kwa kunusa. Na ukimpa shosho skrabu, mwambie mafuta yake huteleza kwenye sakafu ya bafu.

Halafu kuna mkorogo. Wapo wanaonunua krimu ya kung'arisha ngozi, wanachanganya kidogo kwenye mafuta yao ya nyumbani ili "yafanye kazi haraka", na wanampa mtu bila kumwambia. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Kenya, na sababu iko: zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Krimu isiyoonyesha viungo vyake isiingie kwenye sufuria yako, na mafuta ya nyumbani yanayoahidi kukung'arisha kwa wiki moja usiyalipie hata shilingi.

Siku mtu akitaka kukulipa

Hapa sasa ndipo nyumbani kwetu. Oda ya kwanza ya kulipiwa ikija, tenga pesa zake. Ukipokea malipo ya skrabu kwenye laini ileile unayolipia kodi, chama na mboga, mwisho wa mwezi hutajua kama skrabu ilikulisha au wewe ndiye uliilisha. Nambari ya till ya biashara husaidia kwa sababu mauzo hukaa kando na jina la biashara yako huonekana kwa mteja kabla hajaweka PIN. Kama bado uko na oda mbili kwa mwezi, hata laini ya pili inatosha kuanza nayo.

Omba malipo ya awali. Wengi huona haya, lakini nusu ya bei kabla ya kununua mafuta ni kawaida kwa fundi wa nguo na fundi wa viti, sembuse wewe. Na malipo yakiletwa, usiamini ujumbe uliosomewa kwa simu au picha uliyotumiwa kwenye gumzo. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kumkabidhi mtu wa bodaboda kifurushi. Ujumbe wa uongo mara nyingi hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, una haraka, na huja pamoja na mteja anayekusukuma: "Mtu wangu yuko hapo nje, mpe tu." Mtu akidai amekutumia pesa kimakosa na anataka umrudishie sasa hivi kwa nambari nyingine, usitume kitu. Mwambie apitie huduma kwa wateja.

Nawe unayenunua, mambo ni yaleyale kutoka upande wa pili. Jina linalotokea kabla ya PIN lifanane na lile ulilopewa. Na kama ndiyo mara yako ya kwanza kwa huyo muuzaji, agiza kopo moja, si ishirini za wageni wa harusi.

Jambo moja kuhusu usafirishaji, kwa sababu huleta kelele nyingi bure. Mafuta ya nazi huganda baridi ikishuka chini ya takriban nyuzi 24. Mteja wa Limuru atakwambia mafuta yako yamekuwa mawe, wa Mombasa atakwambia yamekuwa uji, na wote wawili wanasema kweli kuhusu kopo lilelile. Hiyo si sababu ya kurudishiana pesa. Waeleze kabla hujatuma, na ule mzigo wa Pwani utie nta ya nyuki kidogo, maana nta haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 60. Gharama ya kutuma iandike kando na bei ya kopo, mteja aione. Kifurushi cha kwenda Kisii kwa basi kinaweza kugharimu zaidi ya skrabu yenyewe, na ukikificha ndani ya bei utaonekana mwizi, ukikibeba mwenyewe utafilisika.

Kama mpango wako ni Krismasi, hesabu na siku pia. Sabuni ya kostiki huachwa ikauke na kukomaa wiki nne hadi sita, kwa hivyo ya tarehe 25 Desemba iwe imekatwa vipande katikati ya Novemba, ikichelewa sana tarehe 27. Oda za sabuni zifunge siku hiyo na useme wazi zimefungwa. Anayekuja tarehe 15 Desemba na pesa mkononi, muuzie skrabu.