Nyumba ya Uingereza: ndugu waandikiane kabla feza haijatoka

Simu ya namna hii inajulikana katika familia nyingi za Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Mtoto aliye London au Manchester anapiga jioni: ameona nyumba, benki imekubali kumkopesha, ila anapungukiwa feza ya kutanguliza. Familia inafanya kikao. Yaya anauzisha parseli, mama mdogo anatoa feza ya likelemba, shemeji aliye Ubelgiji anaongeza kidogo. Kila mmoja anasema moyoni: nyumba hii itakuwa yetu sote.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kwa sheria ya England, anayetambuliwa kwanza ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika usajili wa ardhi, HM Land Registry. Wengine wote, wasipokuwa na maandishi, watalazimika kupigania sehemu yao mahakamani. Na mara nyingi wanakuwa wamekwisha kutia saini karatasi inayosema kwamba hawana sehemu yoyote.

Karatasi hiyo inafika hivi. Benki na wakili wa mnunuzi lazima waulize feza imetoka wapi, kwa sababu ya sheria za kuzuia feza chafu. Feza iliyopita mkono kwa mkono bila alama yoyote ni ngumu kuelezwa, na ununuzi unaweza kusimama kwa ajili yake. Kwa hiyo yaya anapaswa kutunza hati ya mauzo ya parseli, bordero ya benki na ujumbe wa kila feza iliyotumwa. Kisha mnunuzi anamtumia barua ya kutia saini: feza hii ni zawadi, haitarudishwa, na aliyeitoa hadai haki yoyote katika nyumba. Benki inaitaka barua hiyo ili siku ya kudai deni lake, mtu mwingine asisimame mlangoni na kusema nyumba ni yake pia.

Yaya anatia saini kwa sababu mdogo wake amemwambia ni formalite tu. Lakini si formalite. Kama moyoni anajua ametoa mkopo au amenunua sehemu, barua ile inasema uongo mbele ya benki, na yeye ndiye atakayeumia ukweli ukitokea.

Njia ya haki ipo. Familia iamue mapema: ni zawadi, ni mkopo, au ni sehemu ya nyumba? Ikiwa ni sehemu, wakili aambiwe wazi. Majina yanaweza kuandikwa pamoja, na wenye nyumba wakachagua mojawapo ya njia mbili. Katika ya kwanza, wote wanamiliki nyumba nzima kwa pamoja. Mmoja akifa, nyumba inabaki kwa aliye hai, hata kama wosia unasema jambo lingine. Katika ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na anaweza kuliachia watoto wake. Inawezekana pia kuandika tamko la kisheria linaloonyesha nani ametoa kiasi gani na atapata nini nyumba ikiuzwa. Benki fulani inaweza kukataa mpango wa namna hiyo. Afadhali ikatae leo, parseli ya yaya ikiwa bado haijauzwa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa huku hawaambiwi mapema. Mwenye nyumba Congo si mnunuzi wa mara ya kwanza England. Sheria ya kodi ya ununuzi, Stamp Duty, inahesabu nyumba popote duniani, hata ile ya urithi. Kwa viwango vilivyoanza 1 Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kukaa ya pauni 250,000 kwa mara ya kwanza halipi kodi hiyo. Aliyewahi kumiliki nyumba mahali pengine, hata kama ameiuzisha, analipa pauni 2,500. Na yule ambaye bado ana nyumba nyingine, ikiwa fungu lake lina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, anaweza kudaiwa pauni 15,000. Kwa mume na mke, nyumba ya mmoja inahesabiwa kwa wote wawili. Kwa hiyo wazee wanaoandika jina la mtoto wa ng'ambo kwenye nyumba ya Bukavu kwa heshima tu wanaweza kumwachia mzigo bila kujua. Na mtoto anayeificha nyumba hiyo kwa wakili wake anaidanganya serikali.

Haraka nayo ni adui. Watu wa huku wamezoea kwamba wazee wakiisha kukubaliana bei mbele ya mashahidi, neno limefungwa. England neno halifungi. Mkataba wa kuuza ardhi au nyumba lazima uwe wa maandishi wenye saini, na kabla ya siku ya kubadilishana mikataba, muuzaji anaweza kumpa mwingine mwenye bei kubwa, na mnunuzi naye anaweza kuondoka. Baada ya siku hiyo, anayerudi nyuma anaweza kupoteza feza aliyotanguliza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei. Basi ndugu wasikimbilie kuuzisha ng'ombe na parseli kwa sababu tu mtoto amesema "wamenikubalia". Waulize kwanza: wakili amekwisha kukagua? Fundi wa kupima nyumba amepita? Yule anayetumwa na benki anakadiria thamani kwa faida ya benki. Nyufa na unyevu si kazi yake.

Lakini hatari kubwa kuliko zote inakuja miaka michache baadaye, nyumba inapowekwa rehani upya. Mwenye nyumba anataka riba ndogo kwa benki nyingine, au anataka kuongeza mkopo ili ajenge Congo. Wakati huo mama yake amekwisha kufika kutoka Bukavu na analala katika chumba cha nyuma. Benki mpya inataka kila mtu mzima anayekaa humo, ambaye si mwenye nyumba, atie saini kwamba haki yoyote aliyo nayo itakuwa nyuma ya haki ya benki. Mama hasomi Kiingereza. Mwanawe anamwambia: "Tia saini tu hapa, mama."

Mama huyo pengine ndiye aliyetoa feza ya kwanza. Deni lisipolipwa, benki itaomba mahakama impe nyumba, na karatasi yenye saini ya mama itasomwa dhidi yake. Mke anayeombwa kutoa nyumba yao kama dhamana ya deni la biashara ya mume yuko katika hatari hiyohiyo. Mwaka 2001, katika kesi ya Etridge, majaji wa juu wa Uingereza waliweka utaratibu kwamba benki ihakikishe mke wa namna hiyo ameelezwa hatari na wakili, mume akiwa hayupo. Wale majaji waliona kwamba mapenzi ya nyumbani yanaweza kufunga macho. Mama naye anastahili wakili wake, na mkalimani asiye mwanawe.

Wapo watakaosema kuandikiana ni desturi ya wazungu, na damu haihitaji notere. Lakini hata Congo, tangu sheria ya 1973, haki juu ya ardhi inathibitishwa kwa cheti cha usajili, na familia ngapi zinagombana kwa sababu cheti kina jina la mmoja? Ndugu mwema anaweza kufa. Anaweza kuachana na mke wake, na jaji akagawa nyumba bila kumfahamu yaya wa Bukavu. Anaweza kupoteza kazi. Katika hayo yote hakuna mwizi, na bado yaya anabaki bila parseli na bila nyumba.

Kwa hiyo anayepokea simu ile asikatae kusaidia. Aseme tu: kwanza tuandike. Na mtoto anayependa wazazi wake hatakasirika; yeye ndiye atakayeileta kalamu.